Farasi 32 wa GR Yaris hawakutoka kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Kila Toyota GR Yaris iliyoboreshwa inapotajwa katika kurasa za magari, hutajwa kwa namba moja: 304. Injini ya silinda tatu, lita 1.6, ilikuwa na nguvu za farasi 272 ilipotoka Japani mwaka 2020. Toleo lililooneshwa Tokyo Januari 2024 lina 304. Msomaji akikunja gazeti anabaki na picha ya mtu aliyekaa na kompyuta kule kiwandani, akapandisha presha ya turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), akaenda zake nyumbani. Kwa picha hiyo, mwenye gari la 2020 anashawishika kirahisi kwamba naye anaweza kuzipata hizo 304 kwa kuchomeka waya chini ya usukani na kubadilisha programu.

Tunaomba nafasi tueleze ni nini hasa kilichobadilishwa. Orodha ya vipuri vipya inasema jambo ambalo namba 304 hailisemi: katika injini hii kuongeza nguvu ilikuwa kazi ndogo, kazi kubwa ilikuwa kuibeba.

Tuanze na namba zenyewe, maana zinachanganywa sana. Gari la soko la Japani lilitoka farasi 272 na toki (nguvu ya kuzungusha kranki, yaani shafti kuu ya injini) ya Nm 370, likafika 304 na Nm 400. Gari la soko la Ulaya, linalobanwa na kanuni za huko za moshi na kelele, lilitoka 261 na Nm 360, likafika 280 na Nm 390. Kwa kuwa gari la Japani na la Uingereza yote yana usukani kulia, hapa kwetu yanaweza kuegeshwa pamoja, na muuzaji akakusomea namba za lile la pili. Ukisoma 280 mahali pengine usidhani mwandishi amekosea. Uliza anaongelea soko lipi.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo. Toleo la kwanza huko Japani liliuzwa pia katika daraja la RS. Kwa nje RS ni GR Yaris kamili: milango miwili, mabega mapana, paa lililoshuka nyuma. Ndani yake kuna injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, farasi 120, giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda), na inayovuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Si gari baya, lakini si gari linalozungumzwa hapa. Namna ya kulitambua ni kusoma namba ya chesisi kwenye karatasi ya mnada: RS huanza na MXPA12, na lile la turbo huanza na GXPA16. Soma kabla hujatuma hela, kwa sababu picha za mnada hazitakwambia.

Halafu kuna suala la mbio. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota imeshinda Naivasha mfululizo hadi 2025, na mara mbili, 2022 na 2023, ilichukua nafasi nne za kwanza zote. Watu wakaona jina la Yaris na kuhitimisha kwamba injini ni hiyohiyo. Hapana. Magari ya daraja la juu, Rally1, yanatumia injini ya mbio ya silinda nne. Linalotumia injini ya silinda tatu iliyotokana na hii ya mtaani ni GR Yaris Rally2, lililoidhinishwa kushindana Januari 2024. Huyo ndiye ndugu wa damu.

Sasa tufungue boneti.

Injini inaitwa G16E-GTS. Ina sentimita za ujazo 1,618, kipenyo cha silinda milimita 87.5, mwendo wa pistoni milimita 89.7, na kompresheni (kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda) ya 10.5 kwa 1, ambayo ni kubwa kwa injini yenye turbo kali. Silinda tatu zina faida yake hapa. Kila silinda hupokezana na mwenzake baada ya nyuzi 240 za kranki, kwa hiyo moshi wa silinda moja unafika kwenye turbo bila kugongana na moshi wa nyingine. Injini ya silinda nne ingehitaji turbo yenye njia mbili za moshi kupata utulivu huo. Hii inatosheka na njia moja, na turbo yake inazunguka juu ya beringi za gololi ili iamke mapema. Ubaya wa silinda tatu ni mtikisiko, ndiyo maana kuna shafti ya kusawazisha inayozunguka pembeni ya kranki.

Toki iliyoongezeka ni kutoka 370 hadi 400, yaani asilimia 8. Nguvu ya farasi imepanda kwa karibu asilimia 12. Tofauti hiyo ndiyo inayoonesha maboresho yako wapi. Farasi 272 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika ni sawa na toki ya Nm 294. Farasi 304 kwenye mizunguko hiyohiyo ni Nm 329. Kwa hiyo nyongeza kubwa haiko chini, ambako dereva wa mjini anakanyaga. Iko juu, ambako joto linajikusanya na vali hazipati nafasi ya kupoa. Tena toki ya juu kabisa sasa inaanzia mizunguko 3,250 badala ya 3,000. Kwenye foleni ya Ubungo hutaona chochote kipya.

Ili kupata Nm 400 kutoka ujazo mdogo hivyo, wastani wa msukumo juu ya pistoni katika mzunguko mzima wa kazi unafika karibu mara 31 ya presha ya hewa ya kawaida. Injini isiyo na turbo, kama ile ya RS, iko kwenye 12 hivi. Na huo ni wastani tu. Kilele cha mlipuko kiko juu zaidi ya hapo mara kadhaa. Mzigo huo ndio uliowalazimisha kubadilisha vitu vinne.

Cha kwanza ni vali za ekzosi, zilizotengenezwa kwa madini mapya, pamoja na mfumo mzima wa kuendesha vali ulioimarishwa. Kwenye mizunguko 6,500 kila vali inafunguka mara 3,250 kwa dakika, na kila ikifunguka inapitiwa na moto. Joto lake linatoka kwa njia mbili: kupitia kiti chake inapofunga, na kupitia mpini wake kwenye gaidi (kijibomba kinachouongoza mpini). Injini ikienda kasi muda wa vali kukaa kitini ni mfupi, na moshi ukiwa mwingi joto ni kubwa zaidi. Madini yasiyofaa hulainika, kichwa cha vali kinajikunja taratibu kama uyoga, vali haifungi vizuri, moto unapenya kwenye upenyo huo, na ndani ya muda mfupi ukingo unaungua kipande. Dalili yake ni silinda moja kupoteza kompresheni na injini kutetemeka ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa. Gari haikuonyi kabla.

Cha pili ni pistoni nyepesi zenye ringi zinazostahimili kusuguliwa. Uzito wa pistoni watu huudharau. Pistoni inapofika juu kabisa na kugeuka kwenye mizunguko 6,500, kasi ya kugeuka huko ni takribani mara 2,700 ya mvuto wa dunia. Gramu 10 tu ukizipunguza kwenye pistoni, umeiondolea konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) mzigo wa kilo 27 hivi, na hilo linajirudia mara zaidi ya mia kwa sekunde. Ringi nazo zimeimarishwa kwa sababu presha kubwa huzibana ukutani kwa nguvu zaidi, na kwa sababu nyingine inayohusu mafuta, tunayoifikia sasa hivi.

Cha tatu ni presha ya kunyunyizia petroli. Injini hii ina nozeli za aina mbili: zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na zinazorusha kwenye njia ya hewa kabla ya vali. (Hizo za pili zina faida ya pembeni: zinaosha vali za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi magumu yanayosumbua injini nyingi zenye nozeli za ndani peke yake hapa ni kidogo.) Kwenye mizunguko 6,500 nusu mzunguko wa kranki unachukua sehemu 4.6 za elfu za sekunde. Hewa ikiongezeka petroli lazima iongezeke, lakini muda haukuongezeka. Ukiiacha nozeli wazi muda mrefu zaidi, petroli ya mwisho inachelewa, inaruka ikiwa matone makubwa, inagonga ukuta wa silinda na kuosha oili. Oili ikioshwa, ringi zinasugua chuma kikavu, na petroli inateremka hadi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuifanya oili iwe nyepesi. Ndiyo maana waliongeza presha: petroli nyingi zaidi, kwa muda uleule, kwa matone madogo.

Cha nne hakionekani kirahisi. Ni sensa za presha katika njia ya hewa na ya moshi. Presha ya moshi nyuma ya vali ikipanda, moshi mwingi wa zamani unabaki ndani ya silinda, unapasha moto hewa mpya, na injini inaanza kugonga, yaani petroli inawaka yenyewe kabla ya wakati. Kompyuta inayopima presha hiyo inajua lini irudishe taimingi (wakati wa plagi kuwasha) na lini ilegeze turbo. Kompyuta inayokadiria tu lazima ikae mbali na ukingo.

Mwenye gari la kabla ya 2024 anayeahidiwa farasi 300 kwa programu tu anapewa, basi, hewa na petroli ya gari jipya juu ya vali za zamani, pistoni za zamani, ringi za zamani na pampu ya presha ya zamani. Hatusemi injini itakufa kesho. Ile ya kwanza ilijengwa imara, na wapo wanaoipandisha kwa kubadilisha vipuri na kupima kwa makini. Tunachosema ni kwamba Toyota wenyewe, wenye maabara na injini za kuvunja, hawakuridhika kuiuza injini hiyo kwa farasi 304 bila kubadilisha vipuri hivyo. Anayekuuzia programu aulizwe yeye amepima nini.

Kuna na upande wa kupoza. Bampa la mbele la gari jipya limechongwa upya, na pembe zake mbili za chini zina midomo mikubwa ya hewa kwa ajili ya rejeta ndogo ya ziada na ya kipoza oili ya giaboksi. Sehemu ya chini ya bampa imegawanywa vipande vitatu, ili ukigonga jiwe ubadilishe kipande badala ya bampa zima. Uamuzi wa watu wanaoshindana kwenye vumbi, na unafaa kabisa kwa barabara zetu. Rejeta ya ziada na kinyunyizio cha maji juu ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) si vya kila gari, viko katika kifurushi cha kupoza. Anayenunua aangalie kwa macho, asitegemee jina la daraja.

Hicho kinyunyizio kina matatizo yake. Kinarusha maji mbele ya intakula ili yakikauka yabebe joto. Ukijaza maji ya bomba yenye chumvi, miezi michache baadaye mapezi ya alumini yana utando mweupe unaozuia hewa, na intakula inapoza vibaya kuliko kabla hujaanza kunyunyiza. Tumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Na unyevu wa pwani unapunguza kazi yake: maji yanakauka upesi Dodoma kuliko Tanga.

Nyanda za juu zina hesabu yake. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni karibu asilimia 82 ya ile ya usawa wa bahari. Tuchukue mfano kwamba kompyuta inataka presha ya jumla ya kilopaskali 250 ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Mombasa turbo itazidisha hewa kwa karibu mara 2.5, Nairobi itabidi izidishe mara 3. Itazunguka kasi zaidi, itatoa hewa ya moto zaidi, na intakula itapewa mzigo mkubwa zaidi na upepo mwepesi wa kuupoza. Programu iliyojaribiwa usawa wa bahari haifai kupelekwa Limuru ikiwa vilevile.

Kuhusu petroli, Toyota Japani inaelekeza petroli ya daraja la juu, na kwa kiwango cha Japani hiyo huanzia okteni 96. Petroli yenye okteni ndogo inawaka yenyewe kabla ya wakati pale joto na presha vinapokuwa vikubwa, na injini inagonga. Kompyuta ya kiwandani ikisikia kugonga huko inarudisha taimingi nyuma. Gari linakuwa zito lakini linasalimika. Nguvu unayoilipia, basi, inapungua kwenye pampu ya mafuta. Programu za mtaani mara nyingi hupunguza ulinzi huo ili namba ya farasi ipendeze, na hapo ndipo kingo za pistoni zinapovunjika kati ya ringi na ringi. Usichanganye petroli na dawa za chupa za kupandisha okteni kwa kubahatisha; nyingine zina madini yanayoacha utando mwekundu kwenye plagi na kuziua.

Oili ni 0W-20, na daraja lake la API (kiwango cha Marekani cha ubora wa oili) liwe SP. Herufi hizo zina maana. Injini za turbo zenye nozeli za ndani zina ugonjwa wa mlipuko wa mapema kwenye mizunguko midogo: dereva yuko gia kubwa, mizunguko 1,800, anakanyaga hadi chini kupanda mlima. Tone la oili lililochanganyika na petroli linawaka kabla ya plagi, na mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kupasua pistoni. Oili za zamani zenye kalsiamu nyingi huchochea ugonjwa huo. SP zimetengenezwa kuupunguza. Dereva naye ana dawa yake, bure kabisa: punguza gia kabla ya kukanyaga. Kwa magari ya petroli yenye turbo, Toyota Japani huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au miezi 6, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Vumbi na safari fupi za foleni ni matumizi magumu. Wanaosema kilomita 10,000 wamesoma chupa, hawajasoma ratiba ya gari.

Filta ya hewa iachwe ya kiwandani, ndani ya boksi lake. Filta zile za wazi zenye sauti tamu zinavuta hewa ya moto ya chini ya boneti na kupitisha vumbi laini, linalokula kingo za feni ya turbo kisha ringi. Kule Naivasha magari ya mbio hufungiwa mabomba ya kupandisha mdomo wa hewa juu, kwa sababu ya vumbi na maji. Wenye bajeti kubwa kuliko zetu wanakimbia vumbi, sisi tunalifungulia mlango.

Giaboksi tutaigusa tu. Mbali na manyuo ya gia sita, sasa kuna otomatiki ya gia nane inayosoma jinsi unavyokanyaga na kuachia breki ili ishushe gia mapema. Inaongeza kilo 20: gari la manyuo lina kilo 1,280, la otomatiki 1,300. Anayeichukua akague mabomba ya kipoza oili pale kwenye pembe ya bampa kila baada ya safari ya vumbi, kwa sababu jiwe moja likitoboa, oili inamwagika na giaboksi inaungua kabla hujafika kituo. Mwili nao umekazwa: nukta za kuchomelea zimeongezwa kwa asilimia 13 hivi, gundi ya kiunzi kwa asilimia 24, na shokapu za mbele zinashikwa juu kwa bolti tatu badala ya moja, hivyo pembe za magurudumu hazibadiliki sana gari linapobanwa konani.

Kwa anayenunua gari lililotumika, iwe la kabla au la baada ya 2024, haya yafanyike siku ya ukaguzi. Pima kompresheni silinda zote tatu injini ikiwa ya moto. Zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi uangalie kingo za pistoni upande wa ekzosi. Chunguza waya wa sensa ya presha ya hewa: alama za klipu, tepu mpya au waya uliokatwa na kuungwa ni dalili ya kisanduku kilichokuwa kinaidanganya kompyuta, kikaondolewa kabla ya kuuza. Kisha chomeka mashine ya kusoma kompyuta, fungua sehemu ya taarifa za gari, nakili namba ya programu na namba ya uthibitisho wake iitwayo CVN. Programu ikiguswa CVN hubadilika, ingawa mafundi wajanja wanajua kuificha, kwa hiyo isikutoshe peke yake. Linganisha na CVN ya gari jingine la mwaka uleule, soko lilelile na namba ya programu ileile. Zikitofautiana, muuzaji aeleze kwa maandishi kilichofanyika, au gari libaki kwake.

Mafundi wa injini za petroli,
Gerezani, Dar es Salaam